Kivuli cha Alhamisi: Kupatwa kwa Jua, 29 Mei 1919

Katika Kiswahili jua halizimwi wala halifichwi, jua hupatwa. Kitenzi ni kupata, kimewekwa katika kauli ya kutendwa, na mtendaji hatajwi. Binadamu hupatwa na homa, hupatwa na msiba, hupatwa na hasara, na msikilizaji hungoja kile kitakachofuata baada ya "na". Jua limepatwa, basi. Nilifundisha Kiswahili na Historia katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila nilipofika kwenye kauli za vitenzi nilitoa mfano huu. Wanafunzi waliupenda. Nami nilikuwa na sababu yangu ya kuupenda, nayo ni ya nyumbani kwetu, nitaifikia.

Kwanza nieleze jambo lenyewe. Mwezi unapopita kati ya dunia na jua, hutupa kivuli chake juu ya uso wa dunia. Kiini cha kivuli hicho, mahali ambapo jua lote hufunikwa, ni chembamba. Kwa kawaida upana wake haufiki kilomita 300, nacho hukimbia kuelekea mashariki kwa mwendo unaozishinda ndege za abiria. Nje ya kiini hicho jua humegwa tu upande mmoja, na mtu anayepalilia shamba lake anaweza kuendelea kupalilia asitambue lolote. Imekadiriwa kwamba mahali pamoja hupitiwa na kiini mara moja katika miaka 375 hivi. Kwa hiyo atakaye kuona jua limepatwa lote ana njia mbili: aishi mno, au afunge safari.

Safari mashuhuri kuliko zote za aina hiyo ni ile ya mwaka 1919. Mwaka 1915 Albert Einstein alikuwa amekamilisha nadharia yake mpya ya uvutano, na ndani yake mlikuwa na dai linaloweza kupimwa: nuru ya nyota ipitayo karibu na jua hupinda kwa sekunde 1.75 za tao. Nyuzi moja ikigawanywa mara 3,600, kila kipande ndicho sekunde ya tao. Tunazungumzia kitu kidogo sana. Kwa hesabu zilizotegemea fikra za Newton, mpindo ungekuwa kama nusu ya hapo, yaani 0.87. Tatizo ni kwamba nyota zilizo karibu na jua hazionekani, ila katika dakika chache ambazo jua limepatwa lote. Mjerumani Erwin Freundlich alikwisha kujaribu mwaka 1914. Alisafiri na vyombo vyake hadi Crimea kungojea kivuli cha tarehe 21 Agosti, vita vikalipuka akiwa huko, naye akakamatwa na Warusi kama raia wa nchi adui. Jua likapatwa bila yeye.

Baada yake alifuata Mwingereza, Arthur Eddington wa Cambridge. Huyu alikuwa muumini wa Jumuiya ya Marafiki, wale waitwao Quaker, ambao wana wafuasi wengi hata magharibi mwa Kenya, nao kwa imani yao hawashiki silaha. Vita vilipohitaji wanaume zaidi, Eddington alikuwa hatarini kufungwa kwa kukataa kupigana. Frank Dyson, mwanafalaki mkuu wa serikali, alimwombea msamaha, na safari ya kwenda kupima mpindo wa nuru ikawa sehemu ya hoja ya kumwacha huru. Nadhani ni vyema kulikumbuka hilo: miongoni mwa sababu zilizompeleka Eddington kwenye kivuli ni kwamba alikataa kwenda vitani.

Makundi mawili yaliondoka Liverpool mwezi Machi 1919, kwa meli moja. Andrew Crommelin na Charles Davidson walielekea Sobral, kaskazini mashariki mwa Brazili. Eddington na Edwin Cottingham, fundi wa saa, walishukia Madeira, wakangoja meli nyingine, na kufika kisiwa cha Príncipe katika Ghuba ya Guinea tarehe 23 Aprili. Inasimuliwa kwamba kabla ya safari Cottingham alimwuliza Dyson itakuwaje mpindo ukionekana mara mbili ya ule wa Einstein, naye akajibiwa kwamba hapo Eddington atapata wazimu na itambidi Cottingham arudi nyumbani peke yake.

Príncipe wakati ule ilikuwa koloni la Ureno, na kilichostawi humo kilikuwa kakao. Waliolima kakao hiyo, wengi wao, walikuwa wameletwa kutoka Angola kwa mikataba ambayo hawakuwa na uhuru wa kuikataa, na waliorudi kwao walikuwa wachache. Mwaka 1909 kampuni ya Cadbury, ambayo wenyewe nao walikuwa Quaker, iliacha kununua kakao ya visiwa hivyo baada ya ukweli huo kuthibitishwa. Eddington aliweka darubini yake katika shamba la Roça Sundy. Mizigo ilisafirishwa kwa reli ndogo ya mashamba, na pale reli ilipokatika, ndani ya msitu, ilibebwa na wapagazi. Majina yao hayamo katika taarifa ya safari. Neno hilo, wapagazi, litarudi.

Alhamisi, tarehe 29 Mei, asubuhi ilinyesha mvua kubwa ya radi. Ikakatika, mawingu yakabaki. Jua lilianza kuchungulia alasiri likiwa tayari limemegwa. Saa nane na dakika 13 kwa saa za Greenwich kiini cha kivuli kikafika, kikakaa sekunde 302. Katika muda wote huo Eddington alikuwa akibadilisha vioo vya picha, kimoja baada ya kingine, vioo 16. Yeye mwenyewe aliandika kwamba hakuliona jua lilipopatwa, ila kwa kutupa jicho mara moja ahakikishe kwamba limeanza, na mara nyingine katikati aone wingu limebaki kiasi gani. Miezi mitatu ya bahari na mvua, kisha mtu hatazami! Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kusema kwamba huyo alikuwa kama mpiga picha wa harusi, na sikuona haja ya kumsahihisha.

Katika vioo vile 16 ni viwili tu vilivyofaa, kila kimoja na nyota tano. Vilitoa 1.61. Sobral kulikuwa na anga safi zaidi, na darubini ndogo ya huko ikatoa 1.98, darubini nyingine ya huko huko, ambayo picha zake zilififia kwa joto, ikatoa 0.93, ikawekwa kando, na wajuzi wamebishana juu ya uamuzi huo kwa miaka mingi. Tarehe 6 Novemba 1919 matokeo yalitangazwa London, na baada ya siku chache Einstein, aliyekuwa akijulikana na wataalamu wenzake tu, akajulikana kwa wasomaji wa magazeti wa ulimwengu mzima.

Hapo vitabu huishia. Kivuli hakikuishia hapo.

Baada ya kuiacha Príncipe kiliingia bara. Kilipita Gabon, kikaikata Kongo yote, kikavuka Ziwa Tanganyika upande wake wa kusini, kikagusa ncha ya kaskazini mashariki ya Zambia na ncha ya kaskazini ya Malawi, kikaingia kusini mwa nchi ambayo mwaka uliofuata ingepewa jina la Tanganyika, na kuishia upande wa kaskazini mashariki wa Msumbiji jua likikaribia kutua. Muda kutoka Príncipe hadi kwetu haukufika saa moja. Dyson alikuwa amelitaja Ziwa Tanganyika katika makala yake ya mwaka 1917 alipoieleza njia ya kivuli. Hakuna aliyetumwa huko, na si ajabu: jua lingekuwa limeshuka mno, na nyota zipimwazo karibu na upeo wa macho huyumbishwa na hewa.

Nchi yenyewe nayo haikuwa nchi ya kupokea wageni wenye darubini. Novemba 1918 jeshi la Wajerumani la Lettow-Vorbeck, likikimbizwa, lilipita Fife, jirani na Tunduma ya leo, likaingia Rhodesia ya Kaskazini, na tarehe 25 ya mwezi huo likaweka silaha chini huko Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, karibu na ncha ya kusini ya ziwa. Ilikuwa wiki mbili baada ya Ulaya kuacha kupigana. Msomaji anajua kwamba Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Mwafrika alibeba vita hivyo kichwani. Walichukuliwa watu kwa malaki kubeba unga, risasi na majeruhi, na makumi ya maelfu miongoni mwao walikufa, wengi kwa njaa, kuhara na homa ya mapafu, si kwa risasi. Mwishoni mwa 1918 likaja homa kuu la mafua likachukua wengine. Kivuli cha Mei 1919 kilipita juu ya watu waliokuwa bado wanahesabu nani amerudi.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Alizaliwa upande wa Ileje, ng'ambo tu ya mto Songwe kutoka Malawi, na siku hiyo alikuwa msichana wa kutumwa maji. Nilimsikia akiisimulia siku hiyo mara nyingi, lakini mara niliyoiandika ilikuwa likizo ya Desemba, nilipokuwa mwanachuo wa ualimu na tumepewa kazi ya kukusanya masimulizi ya wazee. Nilimwamkia, nikakaa chini, nikatoa daftari. Alilitazama daftari kwa mashaka.

"Mjukuu wangu, usiandike kama hadithi ya sungura," alisema. "Jua lilikuwa limebaki kidogo juu ya mlima. Ulezi ulikuwa umeanikwa. Usiku ukaingia, ukatoka, halafu ukaingia tena. Kuku walipanda kulala, wakashuka, wakapanda. Sisi watoto tukawacheka wale kuku. Mama hakucheka."

Mama yake alikuwa akimngoja mumewe, aliyechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, na huo ulikuwa mwaka wa pili hajarudi. Wengine wa kijiji walikuwa wamerudi na kunyamaza, au wamerudi na kusema kwamba hawakumwona. Jioni ile, giza lilipoondoka na mwanga kurejea dhaifu, mama huyo aliingia ndani, akavua shanga, akatoka na kuwaambia wakwe zake kwamba mtoto wao amekufa na matanga yaanze. Hakuna aliyempinga. Walikaa matanga bila mwili, wakanyoa nywele, wakamaliza. Bibi hakusema kwamba jua lilimwua baba yake. Alikuwa mwangalifu zaidi ya hapo. Alisema: "Tulikuwa hatuna siku. Siku ikaja."

Niliyaweka maneno hayo kwa miaka zaidi ya ishirini bila kujua tarehe yake. Bibi hakuhesabu kwa kalenda ya Wazungu, na "mwaka wa pili" wa kungoja unaweza kuwa mwaka wowote kati ya 1917 na 1920.

Mwaka 2001 nilisikia redioni kwamba tarehe 21 Juni jua lingepatwa lote katika Angola, Zambia, Zimbabwe, Msumbiji na Madagaska. Walimu watatu tuliomba ruhusa, tukachanga nauli, tukapanda treni ya TAZARA pale Mbeya. Treni ilichelewa kama desturi yake. Tulivuka mpaka Tunduma, tukapita mapori ya kaskazini mwa Zambia usiku kucha kwa baridi ya Juni, tukashuka Kapiri Mposhi na kumalizia kwa basi hadi Lusaka. Njiani mmoja wa wenzangu, mwalimu wa Fizikia, alitufundisha zaidi ya nilivyojifunza katika miaka yangu yote ya shule.

Lusaka tulisimama katika uwanja ulio wazi pamoja na mamia ya watu, wenyeji na wageni, miwani ya karatasi machoni. Mwezi uliendelea kulimega jua kwa zaidi ya saa nzima, na kwa muda mrefu hapakuwa na la ajabu. Kisha rangi ya mambo ikabadilika. Si kama machweo, maana machweo yana wekundu wake. Nyasi zilikuwa za kijivu, na nyuso za wenzangu kama za watu waliotoka kuugua. Vivuli vya vidole vyetu vilikuwa vikali kama vilivyokatwa kwa wembe. Saa tisa na dakika tisa alasiri, kwa saa za Zambia, cheche ya mwisho ilizimika, na mahali pa jua pakawa na duara jeusi lililozungukwa na taji jeupe lililotawanyika pande zote. Kando yake ilionekana nyota moja kubwa; mwenzangu alinong'ona kwamba ni Mshtarii. Baridi ilishuka ghafla mabegani. Wapo walioshangilia, wapo waliolia. Ilidumu zaidi kidogo ya dakika tatu. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu, nimesomeshwa sababu yake, nimeieleza darasani kwa chaki, na bado magoti yangu hayakuwa yangu. Ndipo nilipomwelewa mama yake bibi, ambaye hakuna aliyemwambia kwamba kivuli kinakuja.

Jirani yetu pale uwanjani alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Uingereza, mzee mwenye kofia ya majani na kitabu kikubwa cha ramani. Katika ramani hizo njia za vivuli vyote vya karne ya 20 zilichorwa kama tepe juu ya mabara. Nilimwomba anifunulie Afrika. Tepe zilizopita nchi yetu au jirani nayo katika miaka niliyoitaka hazikuwa nyingi. Ya tarehe 14 Januari 1926 ilipita Uganda na Kenya, tena asubuhi. Hiyo si ya bibi. Nyingine ilitoka Brazili, ikapita bahari, ikagusa kisiwa kidogo, ikavuka Kongo na ncha ya chini ya Ziwa Tanganyika, ikafunika mpaka wa Songwe jua likiwa linaelekea kutua. Mzee yule aliweka kidole juu ya kile kisiwa na kuniambia, kwa fahari ya kwao, kwamba hapo ndipo Eddington alipompima Einstein. Nami niliweka kidole changu juu ya Ileje, nikamwambia kilichotokea hapo kabla saa moja haijatimia. Alinyamaza. Kisha akaniomba nimtamkie jina la mahali hapo tena, akaliandika kwa kalamu ya risasi pembeni mwa ramani.

Alhamisi, 29 Mei 1919. Siku yetu ilipatikana. (Tarehe 21 Juni 2001 nayo ilikuwa Alhamisi, na vivyo hivyo tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kwa umbo la pete huko Rujewa, Mbarali. Mwalimu wa Fizikia amenikataza kutafuta maana yoyote ndani yake.)

Bibi alikuwa amekwisha fariki. Mama alipoisikia tarehe aliirudia mara mbili, akataka jiwe lijengwe. Mjomba, mkubwa wa ukoo, alipinga. Hoja yake ilikuwa nzito: hiyo si tarehe ya kufa kwa marehemu, kwa kuwa alikufa siku nyingine, mahali pengine, na kuandika uongo juu ya jiwe ni kuudumisha. Kama mwalimu wa Historia sikuwa na la kumjibu. Mama ndiye aliyemjibu, kwamba hakuna haja ya kuandika kuwa alikufa. Basi mwaka uliofuata jiwe liliwekwa kando ya kaburi la mke wake, chini yake hakuna mwili. Lina jina lake, na chini ya jina: Jua lilipopatwa, 29 Mei 1919. Fundi aliyechonga aliuliza kama si vizuri kuongeza limepatwa na nini. Mjomba, yule aliyepinga, akamwambia aache hivyo hivyo.

Nimalizie kwa jambo la lugha, maana wasomaji wa hapa ni watu wa maneno. Tarehe 2 Agosti 2027 kiini cha kivuli kitapita kusini mwa Uhispania, kaskazini mwa Afrika, Luxor, Jiddah na Makka, Yemen, na ncha ya Somalia. Huko Luxor kitadumu zaidi ya dakika sita. Waswahili watakuwapo, wengine kwa biashara na wengine kwa ibada, na watatusimulia. Tutawasimulia vipi sisi tusiokwenda? Mwaka 2016 magazeti yetu yaliandika "kupatwa kipete", nami nalisifu neno hilo kwa ufupi na uzuri wake. Mwambao una "kusufu", pamoja na sala yake. Kwa ile nuru nyeupe ya pembeni, "taji" linatosha, wala halihitaji kupambwa. Tatizo liko kwenye kivuli chenyewe. Lugha yetu ina "kivuli", umbo linalotupwa na kitu, na ina "uvuli", ule unaokaa chini ya mwembe ukapumzika. Napendekeza "kivuli" kiwe kile kiini kinachopita na giza lake, na "uvuli" uwe ule ukanda mpana wa nje ambamo jua humegwa tu. Yuko mhariri aliyeniambia kwamba tofauti hiyo imekufa na watu wote husema kivuli. Haijafa Ileje.

Nakusanya pia majina ya tukio hili katika lugha za njia ile ya 1919: Kifipa, Kinyamwanga, Kindali, Kimalila, Kinyakyusa, Kingoni, Kiyao, Kimakua. Mwenye bibi au babu aliyesikia wazee wakisimulia usiku ulioingia mara mbili jioni moja, aniandikie: neno lilivyotamkwa, kijiji, na kama inawezekana, jua lilikuwa wapi.